Bustani Bila Daftari

Saa saba mchana, mwishoni mwa Februari, nilikuta mche mmoja wa nyanya umelala. Majani yake yalikuwa mabichi bado, hayana doa wala tundu la mdudu, ila yalining'inia kama nguo iliyolowa. Jioni nilipopita tena nikaukuta umeinuka. Nikajiambia ni jua. Kesho yake, saa ile ile, ilikuwa imelala mitano. Nikafungua mfereji, nikayaachia maji yapite mistari yote kuanzia juu hadi chini. Siku ya nne ikawa imelala zaidi ya hamsini, na jua lilipotua haikuinuka tena.

Nasimulia habari hii kwa ajili ya mtu mwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba au bondeni, awe ana matuta manne au eka nzima, ambaye anaamini kama nilivyoamini mimi kwamba bustani yake yote anayo kichwani.

Bustani yangu iko Lushoto, kwenye milima ya Usambara, huku ambako kabichi, karoti, hoho na nyanya hupakiwa kwenye malori yakashuka Mombo na kwenda kulisha Tanga na Dar es Salaam. Ni robo eka. Upande wa juu kuna mpera mkubwa, na kipande kile tunakiita cha mpera. Upande wa chini kuna kijito, na kipande kile tunakiita cha mtoni. Mfereji unashuka katikati na kugawa maji huku na huku.

Miaka ile nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kila Jumamosi nilikaa mkekani na kitabu cha hisa, nikaandika cha kila mtu: nani ameweka, nani amekopa, nani amelipa faini ya kuchelewa. Shilingi ya mwenzangu haikupotea mikononi mwangu. Mwanachama akija bila kitabu chake nilimkumbusha maneno ya wahenga: mali bila daftari hupotea bila habari. Halafu nikatoka pale, nikashuka bondeni, nikapanda, nikapalilia, nikapiga dawa na kuvuna, na sikuandika hata mstari mmoja. Kwangu mimi mali ilikuwa fedha. Tuta lilikuwa udongo.

Mwezi Desemba niliamua kupanda nyanya nyingi ili ziive masika yakianza, wakati nyanya zinapoadimika sokoni na bei kupanda. Nilikopa shilingi 400,000 kwenye kikundi kwa ajili ya mbegu, mbolea, dawa na vibarua. Nilikuwa nimeshafundishwa kwenye semina ya kata kwamba nyanya, bilinganya, nyanya chungu, hoho, pilipili na viazi mviringo ni ukoo mmoja, na hata mnavu unaojiotea pembeni ni ndugu yao. Ugonjwa wa mmoja ni ugonjwa wa wote, kwa hiyo mmoja wao hapaswi kumfuata mwenzake kwenye ardhi ile ile. Hilo nililijua vizuri. Jambo lililobaki lilikuwa dogo: bilinganya za mwaka juzi, zile zilizonyauka zikang'olewa zikiwa ndiyo kwanza zinaanza kuzaa, zilikuwa kipande gani?

Nikasema zilikuwa kwenye mpera. Binti yangu, aliyekuwa akiosha vyombo, akainua kichwa.

"Mama, mbona mimi nakumbuka tulizimwagilia kwa ndoo kutoka kijitoni? Zilikuwa mtoni."

"Wewe ulikuwa mdogo," nikamkatisha. "Zile zilikuwa za mwaka mwingine."

Akanyamaza, kama mtoto mwenye adabu anavyonyamaza mama yake akishasema. Mwezi wa Januari tukapandikiza miche 1,200 kwenye kipande cha mtoni.

Baada ya miche ile hamsini kulala nilifanya anachofanya mtu aliyeshikwa na hofu. Nilikwenda duka la pembejeo, nikaeleza kwa maneno yangu, nikapewa dawa, nikapiga. Siku mbili tatu baadaye jirani akanitajia nyingine, nikainunua, nikapiga nayo. Kati ya dawa na dawa nilizidisha maji. Na kwa kuwa mistari ya juu ilikuwa imeshaanza kuzaa na mingine kugeuka rangi, nilichuma zilizokuwa tayari, nikajaza matenga matatu, nikayapeleka barabarani yakapakiwa. Nilikuwa nawaza deni.

Afisa ugani wa kata yetu ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu wa kwanza. Alifika Jumatano.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tazama balaa."

Hakuanza kwa kuuliza dawa wala mbolea. Aliomba kisu na glasi ya maji safi. Akakata shina la mche ulionyauka karibu na udongo, akatwaa kipande cha urefu wa kidole, akakishika kwa juu na kukizamisha ncha ya chini ndani ya maji bila kukitikisa. Tukasubiri kimya. Kabla dakika hazijafika tano, kwenye ile ncha kukaanza kushuka uzi mweupe mwembamba, kama tone la maziwa linaloteremka taratibu kwenye maji. Ukafuatiwa na mwingine.

"Huu ni mnyauko bakteria," akasema. "Vijidudu vyenyewe ndivyo hivyo vinavyoshuka. Vimeziba mishipa ya maji ndani ya shina, ndiyo maana mche unakufa kwa kiu huku miguu iko kwenye maji. Hauna dawa, mama. Ulizopiga zote zimepita bure. Na maji unayoyapitisha mfereji kwa mfereji ndiyo yanayoubeba kutoka mche mmoja hadi mwingine."

Kisha akaniuliza maswali matatu. Sijawahi kuulizwa maswali mepesi kuliko yale, na sikuweza kujibu hata moja.

"Hapa ulipanda nini msimu uliopita, na msimu wa kabla yake?"

"Mche wa kwanza ulilala tarehe ngapi, mstari gani?"

"Dawa ya mwisho ulipiga lini?"

Kwa lile la kwanza nilikazana na mpera. Binti yangu hakubishana. Aliingia ndani, akarudi na simu yangu ya zamani iliyopasuka kioo, akaichomeka kwenye chaji na kuanza kutafuta picha. Akanionyesha moja. Yeye mwenyewe amesimama, ana miaka 13, ameshika bilinganya mbili za kwanza kama pete za masikioni. Nyuma yake hakuna mpera. Kuna kijito, na jiwe letu la kufulia. Juu ya picha simu ilikuwa imeandika tarehe yenyewe, bila kuombwa: Novemba 14.

Sikuwa nimedanganya. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike. Nilikuwa naona kwa macho ya moyo zile bilinganya chini ya mpera, na ningeweza kula kiapo. Kumbukumbu yangu ilikuwa imezihamisha, kwa sababu kipande cha mtoni ndicho nilichokitamani kwa nyanya: kina udongo mweusi, kiko karibu na maji. Kichwa cha mtu humpenda mwenyewe, na huisogeza habari mbaya ikakaa mahali isipomsumbua. Bustani inahitaji shahidi asiyetupendelea, na shahidi wa namna hiyo ni karatasi.

Swali la tatu ndilo lililonivunja. Lebo ya ile dawa ya pili ilisema wazi: usivune kabla ya siku 14. Niliisoma siku ile, mbele ya afisa ugani, kwa mara ya kwanza. Je, nilipiga Alhamisi au Jumamosi? Matenga niliyajaza Jumapili, hilo nililikumbuka kwa sababu nilikosa ibada. Iwe Alhamisi, iwe Jumamosi, siku 14 hazikuwa zimefika hata nusu. Matenga yalikuwa yameshaondoka Jumatatu alfajiri. Nilimpigia simu dalali, akaniambia mzigo umeuzwa.

Hasara ya nyanya ilikuwa yangu, na deni nililimaliza kulipa baada ya mwaka mmoja na nusu. Lakini zile nyanya zilikatwa kwenye kachumbari ya mtu nisiyemjua, pengine mtoto. Fedha nilizirudisha, ila yale matenga siwezi kuyarudisha. Kila ninapoandika ukurasa wa dawa hadi leo, nayakumbuka.

Jumamosi iliyofuata nilinunua kaunta buku. Afisa ugani ndiye aliyenionyesha namna ya kuligawa, na miaka iliyofuata imenifundisha mengine. Nayaweka hapa kama yalivyo, maana yanafaa bustani yoyote.

Kurasa za mwanzo ni ramani. Nilipima bustani kwa hatua, nikaichora: mpera hapa, kijito hapa, mfereji hapa. Kila tuta likapata namba, na namba hiyo hiyo ikapigwa kwa rangi kwenye kigingi kichwani pa tuta, kwa sababu "lile tuta la karibu na mfereji" halitakuwa na maana yoyote baada ya misimu miwili. Ramani huchorwa upya kila msimu, na ya zamani haifutwi. Ukiwa nazo nne zimefuatana, mzunguko wa mazao unauona kwa jicho: ukoo wa nyanya ulikuwa wapi, ukoo wa kabichi, sukuma wiki na chainizi ulikuwa wapi, vitunguu vilikaa wapi, maharage yalipumzishia wapi udongo. Mipango yangu yote sasa huanzia hapo. Kabla sijanunua hata kijiko cha mbegu, nafungua ramani tatu za nyuma na kuuliza kila tuta limebeba nini.

Kinafuata kitabu cha siku. Mstari mmoja au miwili, jioni ile ile, kabla ya chakula. Maandishi yangu ya mwaka wa kwanza yako hivi:

Januari 14. Tuta 6 hadi 9. Kabichi miche 300, kitalu cha Desemba 16. Samadi debe 8. Hakuna mvua.

Februari 2. Tuta 7. Viwavi majani ya ndani. Nimekagua miche 30, yenye viwavi 12.

Machi 9. Mvua mm 22. Tuta 9 maji yamesimama.

Tazama ule mstari wa Februari. Zamani ningesema "viwavi ni wengi." Wengi ni neno la hofu, halimsaidii mtu. Miche 12 kati ya 30 ni habari, na wiki inayofuata nikikuta 20 kati ya 30 najua wanaongezeka, nikikuta 4 najua nimewapunguza. Mvua naipima kwa kopo lenye kuta zilizonyooka lililokaa wazi juu ya kigingi, na rula ya shule ya binti yangu. Naandika kwa penseli, kwa sababu wino hukimbia ukiguswa na umande, na penseli nimeifunga uzi kwenye daftari. Lenyewe hukaa ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye msumari wa mlango wa jikoni ninaopita kila siku. Daftari linalofichwa kabatini haliandikwi.

Kurasa za dawa ziko peke yake, na hizi sizifanyii mchezo. Naandika tarehe, tuta, ugonjwa au mdudu niliyemwona kwa macho yangu, kipimo kwa pampu moja, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Halafu nahesabu mbele na kuandika tarehe ya kuruhusu mavuno, kwa herufi kubwa, na kitambaa chekundu kinafungwa kwenye kigingi cha tuta hilo hadi siku hiyo ifike. Mtoto wa jirani asiyejua kusoma anajua kitambaa chekundu maana yake nini. Naandika pia jina la sumu iliyomo ndani, lile la maandishi madogo, mbali na jina kubwa la kwenye kopo. Dawa mbili za makopo tofauti zinaweza kuwa sumu moja. Kantangaze, mdudu aliyetokea Amerika Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006 na kutufikia Tanzania mwaka 2014, huzoea sumu upesi akipigwa na ile ile mfululizo. Mkulima anaona amebadilisha dawa, kumbe amebadilisha kopo. Bila kuandika, utajuaje?

Mwisho ni kurasa za fedha na mavuno, kila zao na ukurasa wake. Humo nilipata mshangao. Kabichi, niliyoipenda kwa ukubwa wake na kujivunia mbele ya wageni, ilikuwa ikiniachia kidogo sana nikishatoa mbolea, dawa na vibarua wa kubeba. Hoho, niliyokuwa nikiipanda kwa kujaza nafasi, ilikuwa ikilipa ada ya shule. Nisingelijua hilo kwa miaka 20, kwa sababu fedha ya kabichi huja kwa mkupuo ikapigiwa vigelegele, na ya hoho huja kidogo kidogo ikaliwa kimya kimya.

Kuna kanuni moja inayozidi hizi zote: andika kilichoshindikana. Mavuno mazuri hujitangaza yenyewe. Mbegu iliyogoma kuota, karoti zilizosombwa na mvua kwa sababu ulizisia siku mbili kabla ya gharika, tuta lililonyauka, hayo ndiyo ambayo moyo hukimbilia kuyafuta. Nilipoanza kuandika mbegu zilizogoma, niligundua kwamba tatizo halikuwa udongo wa kitalu kama nilivyokuwa nikilalamika. Zilikuwa mbegu nilizoweka mwenyewe na kuhifadhi juu ya jiko. Sasa nafunga mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi kwa wiki moja kabla ya kusia, naandika zilizoota, ndipo napanga kiasi cha kitalu.

Wapo wanaoniambia kwamba babu zetu hawakuandika na walivuna. Ni kweli walivuna, lakini si kweli kwamba hawakuweka hesabu. Wazee wa pwani waliugawa mwaka kwa miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wao, na mkulima aliweza kuulizwa leo ni mwongo wa ngapi akajibu. Walikitazama kilimia, nyota zilizopewa jina kutokana na kulima, wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ardhi ilipumzishwa, mazao yalikuwa machache, na habari za shamba zilibebwa na nyumba nzima: bibi, mjomba, mtoto, kila mmoja akimsahihisha mwenzake jioni. Daftari lao lilikuwa juu mbinguni na midomoni mwa watu wengi. Sisi tumebaki na kichwa kimoja kilichochoka, mazao kumi kwenye robo eka, dawa za majina hamsini, na mtoto anayetukumbusha tunamwambia alikuwa mdogo.

Kipande cha mtoni hakijapandwa nyanya tangu siku ile. Miche yote iliyonyauka tuliing'oa na mizizi yake, tukaichomea mbali na maji. Kwanza kulikaa mahindi, yakafuata vitunguu, ikafuata kabichi, na mnavu wowote unaochomoza tunaung'oa, maana vijidudu vile huweza kuishi udongoni kwa miaka. Jembe lililofanya kazi kule huoshwa kabla ya kupanda juu kwenye mpera, na maji hupelekwa kwenye mpera kwanza. Yote hayo yamo kwenye kaunta buku, na atakayeirithi bustani hii atayakuta.

Usiku ule nilipolifungua kwa mara ya kwanza, nilitaka kuanza na tarehe ya siku hiyo, ukurasa safi, mambo mapya. Binti yangu akauweka mkono wake juu ya karatasi.

"Anza na bilinganya, mama."

Nikaandika: Kipande cha mtoni. Mwaka juzi, Novemba, bilinganya. Zilinyauka. Mwaka huu nyanya. Zimenyauka kwa mnyauko bakteria. Nilisema zilikuwa kwenye mpera. Nilikosea.

Nawe leo jioni, kabla hujanunua mbegu za msimu ujao, kaa na watu wa nyumbani kwako na daftari tupu. Waulize nini kilikuwa wapi, na kipi kilikufa. Mdogo kuliko wote mpe nafasi ya kwanza kusema, na usimkatishe.